Kupima chuma kinavyopoa: grafu ikikuletea mambo ya ajabu anzia hapa

Hii ni kwa wale mnaopima joto linavyotoka kwenye chuma kikiwa kinapoa, iwe unakaza (unapasha na kuchovya viwe vigumu) visu na patasi za springi za gari kule Gerezani Dar au Kamukunji Nairobi, iwe uko chuoni na kipande cha nondo na katanuru kadogo ka umeme. Vifaa siku hizi vinapatikana, themokapo ya aina ya K (waya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, zinatoa volti kidogo kutokana na joto), moduli ya MAX6675 au MAX31855 inayogeuza hizo volti kuwa namba, bodi ya Arduino ya kuzipokea, laptopu, unaunganisha jioni unapata grafu. Shida ni kwamba grafu utaipata hata kama kila kitu kimekosewa, na hapo ndo mtu anaanza kubadilisha oili, anabadilisha maji, analaumu chuma, wakati tatizo liko ndani ya kitundu cha milimita mbili.

Kabla ya yote shika hili moja: themokapo haisomi joto la chuma, inasoma joto la ncha yake yenyewe. Kwahiyo kila ukiona kitu cha ajabu jiulize kwanza, muda huu ncha na chuma viko kwenye joto moja kweli? Ukishajiridhisha hapo ndo unauliza swali la pili, chuma chenyewe kinafanya nini. Nasisitiza hilo swali la pili kwa sababu baadhi ya vilima na mabonde kwenye grafu ni vya kweli kabisa, chuma ndo kinafanya hivyo, na inaniuma sana nikiona mtu anavilainisha kwa programu ya Excel ili mstari upendeze.

UKIWASHA TANURU NAMBA INASHUKA

Hii nyepesi, waya zimegeuzwa. Rangi ndo zinawachanganya watu. Kwa mfumo wa kimataifa wa IEC, K ni kijani kwa chanya na nyeupe kwa hasi, ila kwa mfumo wa Kimarekani chanya ni njano na hasi ni nyekundu, na fundi aliyezoea betri za gari akiona nyekundu anaipeleka chanya bila hata kufikiria. Kama rangi zimefutika chukua sumaku, waya unaonaswa na sumaku ni wa alumeli, huo ndo hasi.

Kuna toleo baya zaidi la hii hii. Umerefusha waya, na ukageuza kwenye maungio yote mawili, la upande wa themokapo na la upande wa loga, yani pale kwenye moduli inayosoma na kurekodi. Hapo namba inapanda vizuri tu na unajiona uko salama, kumbe inadanganya kwa karibu mara mbili ya tofauti ya joto kati ya maungio ya kwanza na loga. Maungio yakiwa karibu na mlango wa tanuru hiyo tofauti inaweza kuwa digrii nyingi.

BARIDI INASOMA SAWA, MOTO INASOMA PUNGUFU

Angalia kama umerefusha kwa waya wa kawaida wa shaba. Tangu Seebeck alipoligundua hili jambo mwaka 1821 kanuni ni ileile, volti haitengenezwi kwenye ncha pale zinapokutana waya, inatengenezwa njiani, kila sehemu ya waya ambayo upande mmoja una joto kuliko mwingine. Ukiweka shaba, kile kipande cha njia hakichangii kitu. Maungio yakiwa na digrii 70 na loga ina 30, umeshapoteza 40 hivi hivi, na utapoteza kidogo kidogo zaidi kadiri tanuru linavyopasha meza. Dawa ni waya wa kurefushia wa aina ya K mpaka kwenye moduli, hakuna njia ya mkato hapo. Alafu moduli yenyewe isikae kwenye joto la tanuru, maana inapima joto lake yenyewe ili ijazie hesabu, na kama upande mmoja wake umechomwa na mionzi ya mlango itajazia vibaya.

Ukitaka kuhakikisha, jaribu kwenye barafu iliyosagwa iliyochanganywa na maji, itoe 0, kisha maji yanayochemka. Ila hapa angalia uko wapi. Dar au Mombasa maji yanachemka karibu na 100, Arusha ni kama 95, Nairobi na Mbeya ni kama 94. Nimeshaona watu wa bara wanarekebisha programu yao waongeze digrii tano au sita kwa sababu "kipimo kinasoma chini", wakati kipimo kilikuwa sahihi, ni mwinuko tu. MAX6675 haisomi chini ya sifuri kwahiyo kwenye barafu ikikwama kwenye 0 usishangilie mapema, inaweza kuwa inataka kwenda chini na haiwezi.

GRAFU IMECHELEWA, IMELALA, HAINA KONA

Hapa ndo penye ugonjwa mkubwa kwahiyo nitakaa kidogo.

Dalili zake: umechovya kipande kwenye maji, unasikia kabisa kinavyolia, ila kwenye laptopu namba inashuka taratibu kama vile kimewekwa mezani. Au unapima oili mbili tofauti na zote zinakupa mistari inayofanana. Au unapima na themokapo mbili kwenye shimo lenye kina kilekile na zinatofautiana digrii mia.

Chanzo mara nyingi ni hewa kati ya ncha na ukuta wa shimo. Hebu tupige hesabu, manake bila hesabu mtu haamini. Chukua themokapo yenye ala (ganda la chuma linalofunika waya) ya mm 1.5, imekaa kwenye shimo ambalo limeacha nafasi ya mm 0.1 tu pembeni, yani unene wa karatasi. Hewa ya moto inapitisha joto kama wati 0.06 kwa mita kwa digrii, gawanya kwa hiyo 0.1 mm unapata kama wati 600 kwa mita ya mraba kwa digrii. Ile ncha nayo ina uzito wake wa kupashwa na kupozwa, ukigawanya unakuta inachelewa sekunde mbili na nusu hivi nyuma ya chuma. Sasa ukubwa wa kosa unaupata kwa kuzidisha kasi ya kupoa na huo muda wa kuchelewa. Nondo ya mm 20 ikipoa kwenye hewa iliyotulia inashuka digrii 3 au 4 kwa sekunde mwanzoni, kosa ni kama digrii 9, utavumilia. Kwenye oili ukiwa na kasi ya digrii 50 kwa sekunde, kosa ni zaidi ya 120. Kwa shimo lilelile, themokapo ileile, hewani ilionekana nzima kabisa, kwenye oili ni uongo mtupu. Kwahiyo usije ukasema "nilishaijaribu inafanya kazi" kama uliijaribu kwenye hali ya kupoa polepole.

Matibabu yake. Toboa shimo linalobana, ala ya 1.5 drili ya 1.6, sio 2 kwa sababu ndo iliyopo. Safisha shimo litoke mafuta ya kutobolea na vichipsi, kichipsi kimoja chini kinainua ncha isiguse. Sukuma mpaka mwisho na uifunge isirudi nyuma, maana ukichovya waya unavutika. Kina cha shimo kiwe angalau mara 10 ya kipenyo cha ala, chini ya hapo ala yenyewe inanyonya joto kutoka kwenye ncha inalipeleka nje na unasoma chini hata kama imebana vizuri. Nani anaweza, achomelee waya mbili tupu moja kwa moja kwenye chuma kwa mashine ya spoti, kila waya peke yake, umbali mdogo kati yao, chuma chenyewe kinakuwa ndo maungio na hapo kuchelewa kunakuwa kudogo sana. Hiyo ndo njia ninayoipenda kwa vipande vyembamba kama kisu, kwa sababu kwenye kisu cha mm 4 hata shimo lenyewe ni kasoro, umetoa nyama nyingi mno kulinganisha na kipande.

Na mwelekeo wa shimo una maana kuliko watu wanavyodhani. Joto likiwa linatoka kuelekea uso fulani, toboa sambamba na huo uso, yani waya itembee ndani ya sehemu yenye joto moja kabla haijatoka nje. Ukitoboa kuanzia uso unaopozwa kwenda ndani, waya nzima inapita kwenye baridi na inavuta joto la ncha.

Kuna dalili moja ya shimo hilihili inajitegemea: mstari unashuka vizuri alafu ghafla unadondoka mpaka karibu 100 na kukaa hapo unachezacheza, baadae unaweza hata kupanda tena. Hayo ni maji yameingia kwenye shimo, yanachemka humo ndani, na themokapo inakusomea maji yanayochemka. Chomelea kibomba juu ya kipande kiwe kirefu kuliko kina cha maji, themokapo ipite humo. Vipimo rasmi vya kupimia oili vimejengwa hivyohivyo, kijiti kina mpini wa bomba mdomo wake hauzami kamwe.

MSTARI UNATETEMEKA KAMA MSUMENO

Kumbuka themokapo ya K inatoa maikrovolti 41 tu kwa kila digrii moja, yani sehemu za milioni za volti. Tanuru la umeme pembeni likiwasha na kuzima hita linaweza kuitikisa hiyo bila shida. Zima tanuru, kama msumeno umepotea basi umempata. Sokota waya mbili pamoja, zipitishe mbali na waya za umeme mkubwa, na laptopu ijaribu kwa betri badala ya chaja.

Kama tatizo linakuja pale tu ncha inapogusa chuma, hapo ni mambo ya ethi. Kwenye MAX6675 upande hasi wa themokapo unaunganishwa na graundi ya bodi, sasa kama ala yako ina ncha iliyochomelewa kwenye ala, na chuma kimegusa mwili wa tanuru, umeme unapata njia ya kuzunguka kupitia kipimo. MAX31855 angalau itakupigia kelele kwamba kuna shoti, MAX6675 inajua tu kama waya umekatika, mengine yote inakupa namba tu kana kwamba hakuna kitu. Tafuta ala ambayo ncha yake haijagusana na ganda, japo hiyo inachelewa kidogo zaidi, kwahiyo chukua nyembamba.

MSTARI UNAENDA NGAZI NGAZI

Hii sio kelele ni uchache wa usomaji. MAX6675 inahitaji mpaka sekunde 0.22 kumaliza kusoma mara moja, na hatua yake ni robo digrii. Kwa kipande kinachopoa hewani ni safi sana. Kwenye kuchovya haitoshi. Chukua kipimo cha Jominy, cha kuangalia chuma kinakazika mpaka kina gani, kile alichokichapisha Walter Jominy na mwenzake Boegehold mwaka 1938, nondo ya mm 25 kwa urefu wa mm 100 inapigwa maji upande wa chini tu. Karibu na ule mwisho unaopigwa maji, joto likiwa karibu 700, kasi ya kupoa inafika kama digrii 270 kwa sekunde. Kwa sekunde 0.22 umeruka karibu digrii 60 kati ya nukta moja na nyingine, hapo katikati kulikuwa na nini hujui na hutajua. MAX31855 ni kama mara 10 kwa sekunde, afadhali ila bado. Kwa kazi hiyo unatafuta kipaza volti na kisomaji chenye kasi ya usomaji mamia kwa sekunde.

Alafu ukitafuta kasi kwa kutoa nukta mbili za jirani, ile robo digrii inakuzwa. Robo gawanya kwa 0.22 ni zaidi ya digrii moja kwa sekunde, kwahiyo kwenye hewa ambapo kasi ya kweli ni 3, theluthi nzima ni ngazi za kipimo. Chukua nukta nyingi kidogo upitishe mstari kati yao, ila usipitilize, na nitaeleza kwa nini hapohapo chini.

KILIMA KARIBU NA 700 WAKATI CHUMA KINAPOA POLEPOLE

Usikifute! Hiki ndo kile nilichokuwa nasema. Chuma chenye kaboni kikipoa hewani, kikishuka chini ya 727, fuwele zake zinajipanga upya na zikijipanga zinatoa joto. Mstari unapunguza kushuka, unalala, na kwenye chuma chenye kaboni nyingi kikipoa polepole joto linapanda kabisa kwa digrii kadhaa kabla ya kuendelea kushuka. Ukikaa gizani unaona kwa macho, kipande kilichokuwa kimeanza kufifia kinang'aa tena kidogo. Kinatokea mara nyingi kati ya 720 na 650 kutegemea kasi na aina ya chuma, ukipoza haraka zaidi kinasogea chini zaidi. Floris Osmond huko Ufaransa miaka ya 1880 alitumia vilima hivi hivi kuelewa chuma kinabadilika lini, kwa themokapo ya platini ya Le Chatelier. Sasa wewe umekipata kwenye kibanda chako kwa kifaa cha bei ndogo alafu unakilainisha ukidhani ni hitilafu?

Jinsi ya kuhakikisha ni kweli: kata kipande cha stenlesi ya 304 chenye vipimo sawasawa, shimo lilelile, themokapo ileile, pasha, poza. Stenlesi hiyo haibadiliki fuwele hapo njiani, kwahiyo kilima kikipotea basi kilikuwa cha chuma. Kikibaki ni kifaa chako. Ndo sababu hata kijiti cha kimataifa cha kupimia oili, cha ISO 9950, hakijatengenezwa kwa chuma cha kawaida, ni Inconel 600 (aloi ya nikeli), mm 12.5 kwa 60, kinaanzia 850, ili kilima kisije kikajichanganya na tabia ya oili.

Kwenye oili na springi za gari hicho kilima cha juu kinaweza kisionekane kabisa, na hiyo ni habari njema, manake umekipita bila chuma kulainika. Badala yake angalia chini kati ya 300 na 200, mstari unalegea kidogo hapo, ndo ugumu unaanza kuingia. Mtu anayelainisha grafu yake kwa nukta hamsini hamsini hatakiona hata siku moja.

IMECHOVYWA KWENYE MAJI LAKINI MWANZONI INAPOA POLEPOLE, KISHA GHAFLA INADONDOKA

Hapa kuna wagonjwa wawili wenye dalili moja. Wa kwanza ni ucheleweshaji wa ncha tuliousema. Wa pili ni koti la mvuke: chuma kikiwa na moto sana maji hayakigusi, yanageuka mvuke pembeni yake na huo mvuke unakuwa blanketi, Leidenfrost aliandika juu ya hili mwaka 1756 akiangalia matone kwenye kijiko cha chuma cha moto. Blanketi likipasuka maji yanagusa, yanachemka kwa fujo, hapo ndo joto linatoka kwa kasi kuliko wakati wote, kisha chini ya hapo maji yanachukua joto kimyakimya tu.

Kuwatofautisha ni rahisi na hakuna gharama. Badilisha maji. Pasha maji kutoka 25 kwenda 60, kama ule mwanzo wa polepole umerefuka sana basi ni mvuke. Tia chumvi kama sehemu moja kwa kumi ya uzito wa maji, ukifupika au kupotea ni mvuke. Tikisa kipande ukifupika ni mvuke. Kama umebadilisha yote hayo na mwanzo umebaki vilevile muda uleule, rudi kwenye shimo, ni ncha inachelewa.

Na hii ndo sababu visu vinatoka na sehemu laini na sehemu ngumu, koti halipasuki mahali pote kwa wakati mmoja, kwenye kona na makali linapasuka mapema. Ukiwa na themokapo moja katikati hutaliona hilo, weka mbili, moja karibu na makali moja mgongoni.

Kwa wanaotumia oili chafu ya injini: kwanza grafu zake hazirudiwi vizuri, kila dumu lina uchafu wake. Pili, ikiwa na maji chini, maji yakipata joto yanageuka mvuke na kurusha oili ya moto juu, na hapo inashika moto. Ukisikia inapasukapasuka ndani au grafu inaonyesha mtikisiko usioeleweka kwenye oili, acha kazi, toa kipande salama, usiendelee kupima. Oili safi ikae kama 40 mpaka 70, ikiwa baridi inakuwa nzito na inapoza polepole kuliko ikiwa na uvuguvugu, watu wengi hawaamini mpaka wapime.

LOGI YA JOTO HAINYOOKI

Umefundishwa kwamba ukichora logi ya tofauti ya joto kati ya chuma na hewa dhidi ya muda unapata mstari ulionyooka, na mteremko wake unakupa joto linavyotoka. Umechora umepata upinde. Kifaa ni kizima, ila kanuni ina masharti yake.

Sharti la kwanza ni kwamba kasi ya kutoa joto isibadilike, na kwenye 850 inabadilika sana. Kipande chenye magamba meusi ya kutu kwenye 850 kinatoa kwa mionzi peke yake kama wati 87 kwa mita ya mraba kwa kila digrii ya tofauti, wakati hewa iliyotulia inachukua kama 10 tu. Kikifika 200 mionzi imebaki kama 11. Kwahiyo juu unapima mionzi karibu peke yake na chini unapima mionzi na hewa vinavyokaribiana, haiwezi kuwa mstari mmoja. Kama unataka kujua hewa chora kuanzia 200 kushuka, na hata hapo ingiza mionzi kwenye hesabu yako.

Sharti la pili, chuma chenyewe kinabadilika. Joto linalohitajika kupasha kilo moja kwa digrii moja ni kama juli 460 hadi 480 kikiwa baridi, kinapanda kadiri kinavyopata moto, na karibu na 735 kinaruka mara kadhaa kisha kinarudi. Upitishaji wa joto ndani ya chuma nao, chuma cha kaboni ndogo ni kama wati 50 kwa mita kwa digrii kwenye baridi na kama 27 kwenye 800. Stenlesi inaenda kinyume, inaanza 15 inapanda mpaka kama 25. Mtu anayeweka 50 kwenye fomula toka mwanzo mpaka mwisho amejipa kosa la karibu mara mbili juu ya grafu bila themokapo kuhusika.

Sharti la tatu, kipande kizima kiwe na joto moja ndani na nje. Zidisha kasi ya uso kutoa joto (zile wati kwa mita ya mraba kwa digrii) na ujazo-gawanya-eneo, gawa kwa upitishaji, jibu linaitwa namba ya Biot na liwe chini ya 0.1. Nondo ya mm 20 hewani inatoa kama 0.02, safi. Nondo hiyohiyo kwenye maji yanayochemka kwa fujo, uso ukitoa 10,000, inatoa karibu 2. Hapo katikati na usoni ni dunia mbili, na logi ya themokapo moja ya katikati haikwambii kitu kuhusu uso.

THEMOKAPO MBILI, NA HESABU YA MTIRIRIKO WA JOTO INATOKA NAMBA ZA AJABU

Kanuni ya Fourier ya 1822 inasema mtiririko ni upitishaji mara tofauti ya joto gawanya kwa umbali, kwenye karatasi ni mstari mmoja. Kwenye chuma, ukitoa namba mbili kubwa zinazokaribiana makosa yote yanabaki. Themokapo za daraja la pili zinaruhusiwa kukosea 0.75 ya asilimia, kwenye 850 ni zaidi ya digrii 6 kila moja, kwahiyo mbili nzima kabisa zinaweza kutofautiana 12 zikiwa sehemu moja. Ukizipanda umbali wa mm 5, kila digrii moja ya uongo ni wati 6,000 kwa mita ya mraba ambazo hazipo. Ukipata mtiririko hasi, yani chuma kinachopoa eti kinanyonya joto, anzia hapo, au umebadilisha plagi, ya ndani imeingia tundu la nje.

Dawa: kabla ya kuchovya kiache kipande ndani ya tanuru kitulie, zote mbili ziko kwenye joto moja hapo, andika tofauti yao kwenye joto tatu nne tofauti, kisha itoe kwenye hesabu. Kata zote kutoka kwenye rola moja ya waya kama unaweza.

Umbali wenyewe ni adui mwingine. Kwenye kuchovya mtiririko wa wati milioni moja kwa mita ya mraba ni kitu cha kawaida, na kwa upitishaji wa 30 hiyo ni digrii 33 kwa kila milimita. Drili ikipotea nusu milimita humo ndani, na kwenye shimo refu inapotea, umekosea digrii 17. Ukimaliza majaribio kata kipande kwa msumeno pale kwenye shimo, piga msasa, pima kwa kalipa ncha ilikuwa wapi kweli, utumie namba hiyo na sio ya kwenye mchoro.

BUNDUKI YA INFRAREDI INASOMA CHINI

Bunduki nyingi za bei nafuu zinaishia 380 au 550 kwahiyo kwanza soma kibao chake. Kama inafika, basi uso ndo tatizo: chuma chenye magamba kinatoa karibu 0.8 ya mionzi inayotakiwa, kilichosuguliwa kinaweza kutoa 0.2, na magamba yakibanduka katikati ya kazi namba inaruka bila joto kubadilika. Gamba lililonyanyuka nalo linapoa kuliko chuma kilicho chini yake. Moshi wa oili na mvuke vinaziba. Kwa kupoa hewani inasaidia, kwa kuchovya iache kando.

JANA NA LEO HAVIFANANI NA HUJABADILISHA KITU

Angalia joto la oili au maji mwanzoni, angalia ulivyotikisa, angalia magamba maana kipande kilichopashwa mara nyingi kina koti nene linalozuia joto, na kipande kipya hakina. Kama hayo yote ni sawa basi mshuku themokapo imezeeka. K haipendi kukaa kati ya 800 na 1,050 mahali penye oksijeni kidogo, ndani ya ala iliyoziba au tanuru lenye makaa, kromi inaliwa peke yake na waya unaanza kusoma chini, taratibu, bila dalili. Aina ya N inavumilia zaidi hali za namna hii.

Watu wengi hapa wanakata ncha na kuchomelea upya wakidhani wameitibu. Haisaidii, kwa sababu kama nilivyosema kule juu volti inatengenezwa njiani, na njia iliyochakaa ni ile sehemu ya waya iliyokuwa inapita ukutani mwa tanuru, kutoka moto kwenda baridi. Ukitaka kukata, kata mpaka uipite hiyo sehemu yote, utumie waya ambao haujawahi kupata moto. Kama waya hautoshi, nunua nyingine, na siku hiyohiyo ya kwanza iweke kwenye shimo pamoja na ya zamani kwenye tanuru lililotulia, uandike zinatofautiana kiasi gani, ili ujue grafu zako za nyuma zilikuwa chini kwa digrii ngapi.